Mifumo miwili katika kompyuta moja: diski hutayarishwa kwanza

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Ndiyo maana baadhi ya wanafunzi wanataka kuweka Ubuntu kando ya Windows. Inawezekana. Lakini diski hiyo hiyo inabeba TFC na sauti za wazee tulizozirekodi vijijini. TFC huandikwa upya. Mzee aliyefariki harekodiwi tena.

Diski ni kama kiwanja. Kwa kawaida Windows imekizungushia ukuta chote. Ili nyumba ya pili ijengwe, ukuta lazima usogezwe huku nyumba ya kwanza ikiwa na watu ndani. Hatari iko hapo, kwa hiyo tufuate utaratibu.

Kwanza, nakili kazi zako kwenye diski ya nje, kisha fungua faili kadhaa huko uhakikishe zinasomeka.

Pili, kama BitLocker inafanya kazi, andika kwenye karatasi ufunguo wake wa tarakimu 48. Zima pia "démarrage rapide", kwa sababu inaiacha Windows imelala nusu. Linux ikiandika katika sehemu hiyo, data yaweza kuharibika.

Tatu, jaza betri. Umeme ukikatika mpaka ukiwa unasogezwa, mafaili yanaweza kupotea.

Nne, punguza sehemu ya Windows ukiwa ndani ya Windows yenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua "Gestion des disques", bonyeza C: kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha "Réduire le volume". Ukiandika 40960 utapata GB 40. Ubuntu inahitaji angalau 25. Nafasi hiyo iache tupu, usiipe herufi.

Tano, zima kompyuta na uiwashe tena. Windows ikiamka salama, ndipo uchomeke flashi ya Ubuntu na kuielekeza kwenye nafasi tupu. Sehemu ndogo ya EFI usiifute: humo kompyuta inasoma namna ya kuanzisha mifumo yote miwili. Ukiulizwa kama diski nzima ifutwe, kataa.

Kama kompyuta ni ya kuazima, au nafasi haitoshi, endesha Ubuntu kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha. Itakwenda polepole, lakini mpaka wa diski hautaguswa.