Jina Lililotokana na Ukelele

Katika milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, yumo ndege mwenye utosi mweusi, mgongo wa kijani na kifua cha manjano, asiyepatikana penginepo duniani. Arthur Loveridge alimpata mwaka 1926. Waingereza humwita "shrike", neno lisilosikika sana hata kwao. Asili yake ni "scric" la Kiingereza cha kale, yaani ndege mwenye sauti kali, nalo ni ndugu wa "shriek", maana yake ukelele. Lilionekana tena vitabuni katika miaka ya 1540. Tusiwacheke: hudihudi wetu, ambaye jina lake tulilipokea kwa Waarabu, naye hujitaja mwenyewe alipo.

Jina hilo limesadifu mno huku Uluguru. Ndege huyu hukaa juu kabisa ya miti mirefu, na mtafiti humsikia kabla ya kumwona, pengine asimwone kamwe. Ndugu zetu wa Pemba wanalielewa jambo hili, maana bundi wao mdogo, ambaye naye hana kwao kwingine, hujulikana usiku kwa sauti yake.

Msitu huo ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008, lakini ramani haisikii. Hesabu ya ndege hawa haipatikani ofisini. Tunawaomba wakuu wanaohusika wapeleke kila mwaka watu wenye masikio yaliyofunzwa, tena alfajiri, na wawashirikishe wakulima Waluguru waishio ukingoni mwa msitu. Hao ndio watakaotambua kwanza siku sauti ile itakapokosekana.