Tiketi na Etiketi ya Robota

Nilikata tiketi kwenye stendi ya mabasi ya Buzuruga kwa miaka 9, enzi ambazo mabasi ya Bunda, Musoma na Tarime yalipakia pale, kabla ya stendi ya Nyamhongolo. Kitabu kilikuwa na kurasa pachapacha, kaboni katikati. Ukishaandika jina, kiti na nauli, unalaza rula juu ya mstari wa vitobo, unavuta, karatasi inakatika. Kipande cha abiria, kishina chako. Nadhani ndiyo maana Waswahili tunasema kukata tiketi.

Siku moja mama mmoja wa Bukavu, mchuuzi wa vitenge, alipokea tiketi yake akabaki amesimama dirishani.

"Muzigo yangu haina etiketi, baba."

Nikadhani ametamka vibaya. Nikamwonyesha karatasi aliyoshika mkononi. Akatikisa kichwa, akaelekeza kidole kwenye robota lake. Nikachana kipande cha boksi, nikaandika jina lake na "Musoma" kwa maka peni, nikakishona kwenye robota kwa sindano ya magunia. Akaridhika.

Neno lile lilinikaa kichwani hadi nikalifuata kwenye kamusi. Yule mama hakukosea kitu. Tiketi yangu na etiketi yake ni neno moja lililoachana njiani.

Wafaransa wa kale walikuwa na kitenzi estiquier, yaani kubandika au kuchomeka. Kilichobandikwa kikawa étiquette, kijikaratasi kinachoeleza mzigo ni wa nani au una nini ndani. Katika karne ya 16 Waingereza walilichukua neno, wakaangusha silabi ya mbele, likawa ticket. Kwanza lilikuwa hati fupi tu. Ruhusa ya kuingia mahali au kusafiri ilikuja baadaye. Karne mbili mbele wakalichukua tena, safari hii likiwa zima, kwa maana ya adabu na taratibu, kwani huko Ufaransa lilikuwa limeshaingia kwenye mambo ya jumba la mfalme. Wafaransa nao wakaiazima ticket kwa Waingereza. Leo abiria wa treni ya chini ya ardhi Paris anaitamka kama neno geni, kumbe ni mtoto wa nyumbani aliyerudi na jina jipya.

Sisi tuliipokea kwa Mwingereza, tukaitia irabu mwishoni. Wapo wasemao tikiti, na si kosa. Ila pale stendi, vipande vya tikiti maji vikipitishwa madirishani mwa basi, mimi naona afadhali tiketi.

Kitenzi chetu, kukata, kina nguvu ya ajabu. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, imeleta tiketi mtandao, namba inaingia kwenye simu, hakuna rula wala vitobo, na bado tunakata. Machi 2019, Taifa Stars walipoifunga Uganda 3-0, tulisema wamekata tiketi ya AFCON, baada ya kungoja miaka 39.

Lakini siku hizi nafikiria zaidi ile maana ya kwanza, ya kubandika jina ili kitu kisipotee. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Mkata tiketi alizama pamoja na abiria wake, na mashine iliyotunza hesabu ikapotelea ziwani. Ndugu walisimama ufukweni, na hapakuwa na orodha ya kuwaonyesha.

Nilikuwa bado dirishani Buzuruga. Hadi wakati ule niliandika jina moja, mara nyingine "Mama Neema" au "Babu" tu, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na dereva anapiga honi. Asubuhi iliyofuata nilianza kuuliza majina yote matatu, na kuikandamiza kalamu mpaka kishina kisomeke.