Mshahara ukikatika, afya isikatike nao

Mnamo mwaka 1989 Mto Tana uliiacha njia yake karibu na Hola ukajichimbia nyingine. Pampu zilizokuwa zikivuta maji ya kunyunyizia pamba zikabaki zimetazama mchanga. Wakulima wa mradi huo, ulioanzishwa mwaka 1953, wakajikuta hawana maji, hawana pamba wala malipo ya mwisho wa msimu. Hakuna aliyekuwa amechelewa kazini, na hakuna aliyeiba. Mto ulihama, na mapato yakahama nao. Mradi ulikuja kufufuliwa miaka mingi baadaye, lakini tumbo halingoji miaka mingi.

Ndugu msomaji uliye Nairobi au Mombasa, kisa hicho hakiko mbali nawe. Siku kampuni inapofungwa ama kupunguza watu, aliyefanya kazi kwa bidii na mvivu wote hupewa barua moja. Basi ukurasa huu wa afya una haja gani na mambo ya kupigwa kalamu? Una haja kubwa. Mshahara ukisimama, cha kwanza kukatwa nyumbani si soda wala kadi ya simu, bali ni tembe za shinikizo la damu. Kisha hukatwa chakula cha asubuhi. Usingizi hauhitaji kukatwa na mtu, huondoka wenyewe.

Sasa teremka na mto kutoka Hola mpaka Garsen, kwenye barabara ya Malindi kwenda Lamu. Huku kwenye delta Wapokomo wamelima kwa karne nyingi bila pampu. Mafuriko yakija, aghalabu mara mbili kwa mwaka kufuatana na misimu ya mvua, huacha tope lenye rutuba, na mkulima hupanda mpunga na mahindi maji yanapopungua. Kwenye kingo zilizoinuka kuna migomba na miembe. Kwenye madimbwi yaliyoachwa nyuma kuna kambare na tilapia. Sokoni, Waorma ambao ni wafugaji huleta maziwa. Kimoja kikikosekana, kingine huenda kikapatikana. Hatusemi kwamba maisha ya huko ni mteremko. Ukame huingia, mamba wamo mtoni, na mvua za El Niño za mwaka 1997 zilibomoa kingo za mradi mkubwa wa mpunga uliokuwa umejengwa papo hapo kwenye delta. Lakini mtu wa mtoni analijua jambo moja ambalo mtu wa mshahara hulisahau: maji yakija mengi kwa mpigo, yanakwenda zake, na cha kufanya ni kupanda kabla tope halijakauka.

Malipo ya kuachishwa kazi ndiyo mafuriko yako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kuwa mfanyakazi anayepunguzwa kwa sababu kazi yenyewe haipo tena hulipwa mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia, pamoja na notisi ya mwezi mmoja au malipo yake, na siku za likizo ambazo hakuzichukua hugeuzwa pesa. Tuchukue mtu aliyekuwa akipata shilingi 24,000 kwa mwezi na amefanya kazi miaka minane. Tukihesabu mwezi kuwa siku 30, siku 15 ni shilingi 12,000, mara nane ni shilingi 96,000.

Mtu huyu hajawahi kushika pesa nyingi hivyo kwa wakati mmoja. Ndipo shemeji anapokumbuka shida zake, na sofa mpya inapoonekana nafuu. Lakini zigawanye upya kwa miezi minane, na utaona kuwa ni shilingi 12,000 kwa mwezi, yaani nusu ya mshahara wake wa zamani. Hazikuwa nyingi kamwe. Ushauri wetu ni kwamba jambo la kwanza uweke pesa hizo mahali pagumu kufikiwa, kisha ujilipe mwenyewe kila mwezi tarehe ileile uliyokuwa ukilipwa, sehemu moja tu. Nusu ya mshahara haitalipa kodi ya nyumba ileile na karo ileile. Ni afadhali kuhamia nyumba ndogo mwezi wa pili ukiwa na pesa mkononi kuliko mwezi wa saba vyombo vikiwa nje.

Haya yote hayawezekani kama mke au mume hajaambiwa. Tunawajua wanaume wanaovaa tai kila asubuhi, wakatoka, wakashinda kwenye benchi la bustani mpaka jioni ili nyumbani wasijue. Mzigo wa siri hiyo huumiza mwili: kichwa hugonga, tumbo huchoma, moyo huenda mbio. Waambie wa nyumbani wiki ya kwanza, watoto wakubwa nao. Utashangaa jinsi mtoto wa miaka 12 anavyoweza kuacha kudai viatu akishaelezwa.

Kuhusu mikopo ya haraka ya simu tutasema machache: mtu asiye na mapato ana njia gani ya kuilipa? Na kamari ya mpira si kazi, hata kama jirani alishinda juzi.

Tuje kwenye dawa. Kama unameza tembe za shinikizo la damu au kisukari, usiigawe tembe katikati na usiruke siku ili zidumu. Gharama ya kiharusi haina mfano. Rudi kwa daktari au mwuguzi, mweleze wazi kwamba huna kazi, na uulize kama ipo dawa ileile isiyo na jina la kampuni kubwa. Mara nyingi ipo, na bei yake ni ya chini sana. Jambo jingine linalosahauliwa ni bima. Tangu Oktoba 2024, bima ya afya ya jamii ilipochukua mahali pa NHIF, mwajiri hukata asilimia 2.75 ya mshahara. Kwa mtu wetu wa shilingi 24,000 hizo ni shilingi 660 kwa mwezi. Siku kazi inapokwisha, makato hayo yanakwisha pia, na mwenyewe ndiye wa kuendelea kulipa. Kwa asiye na mshahara, kiwango hupangwa kwa kuangalia hali ya nyumba yake, hakipungui shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa cha mwaka mzima. Kitenge kiasi hicho mapema, pesa zikiwa bado zipo. Aliyejisajili anapaswa kupata matibabu ya msingi katika zahanati na vituo vya afya bila kulipa, kwa hiyo usikimbilie hospitali kubwa kwa kikohozi cha siku mbili.

Chakula cha bei nafuu si lazima kiwe chakula kibaya. Kosa la wengi ni kukata mboga na maharagwe wakabakisha chai ya sukari na mkate mweupe, ambavyo hujaza tumbo kwa saa moja tu. Mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, yaani githeri, yana protini ya kumtosha mtu mzima asiyeona nyama wiki nzima. Ongeza kunde, mchicha au majani ya viazi vitamu. Samaki mdogo aliyekaushwa akiliwa na mifupa yake humpa mtoto chokaa ya mifupa. Nunua matunda katika msimu wake: maembe yanapojaa masoko ya pwani, hakuna sababu ya kununua juisi ya pakiti. Chumvi nayo isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, ikiwa ni pamoja na ile iliyomo katika vyakula vya dukani.

Na raha je? Wengine hudhani kwamba asiye na kazi hana haki ya kucheka. Hivyo sivyo. Mwili unahitaji furaha kama unavyohitaji usingizi, na kwa bahati nyingi ya furaha hiyo haina tikiti. Amka saa ileile uliyokuwa ukiamka. Tembea kwa miguu nusu saa, siku tano kwa wiki, ukipeleka barua za kuomba kazi ikibidi, na hapo miguu itakuwa imefanya kazi mbili. Alasiri cheza bao au tazama mpira wa mtaani. Jioni kaeni pamoja, mtu asimulie hadithi au aimbe. Inafaa kukumbuka kwamba wimbo wetu wa taifa ulipata sauti yake kutokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, watu hao hao wa Mto Tana. Kuimbwa kwake hakukugharimu hata senti.

Tahadhari moja. Ukiona wiki mbili zimepita huna usingizi, huna hamu ya chakula wala ya watu, unakunywa pombe ili ulale, au umeanza kuwaza kwamba heri usiwepo, huo si uvivu na si kukosa imani. Huo ni ugonjwa na una matibabu. Mwambie mtu mmoja unayemwamini leo hii, naye akusindikize hospitalini, hata kama nauli ni ya kukopa.