Je, Wajua? Kilabu cha ulanzi hupangiwa ratiba na mvua

Kutoka Makambako hadi Njombe, na kupanda mpaka Ikonda kule Makete, baa kongwe kuliko zote haina jina ukutani. Ni kilabu cha pombe: mabenchi ya mbao, moshi kidogo, na ulanzi.

Ulanzi hautokani na nafaka. Ni utomvu wa mwanzi ambao wataalamu wa mimea huuita *Oxytenanthera abyssinica*. Masika yakiingia, chipukizi changa hukatwa ncha, kisha mgemaji hukichonga kidogo asubuhi na jioni ili kidonda kisikauke. Chini ya mkato huning'inizwa mbeta, kopo la mwanzi huohuo. Tone, tone. Nyuki nao huwahi, na ukichungulia ndani utakuta wawili watatu wameshalewa hadi kufa.

Hakuna anayetia hamira; chachu ya asili hujileta yenyewe. Ulioteremshwa alfajiri ni mtamu, watoto huuonja. Ukilala siku moja au mbili huwa mkali, ndio mkangafu, na hapo sauti za wazee hupanda. Kwa hiyo ulanzi hausafiri vizuri: atakayeunywa mtamu Dar es Salaam atakuwa na bahati kweli. Kiangazi kikifika chipukizi hukoma, na kilabu hurudia komoni ya mahindi.

Ukiingia mgeni, salimia benchi zima kwanza. Kwa Wabena ni "kamwene". Kikombe hakitachelewa kukufikia, na mara nyingi mwenyeji hukionja mbele yako kabla ya kukupa.