Kitufe Kinachokusuta

Unanunua tiketi ya ndege mtandaoni. Tarehe umeshachagua, jina umeandika kama lilivyo kwenye pasipoti, bado kulipa tu. Mara linatokea swali la bima. Ukiitaka, unabofya. Usipoitaka, sharti ubofye maneno haya: "Nitabaki bila kinga."

Maneno hayo yametajwa kama mfano katika mwongozo uliotolewa na mamlaka ya kulinda walaji nchini India Novemba 30, 2023. Mwongozo huo umepiga marufuku hila 13 za wafanyabiashara wa mtandaoni, na kumsuta mteja anayekataa ni mojawapo. Harry Brignull, mbunifu wa tovuti kutoka Uingereza, alikuwa ameanza kuzianika hila za aina hii tangu 2010. Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walichunguza maduka ya mtandaoni yapatayo 11,000 wakazikuta katika zaidi ya 1,200.

Muuza vitenge sokoni naye hukusuta ukiondoka mikono mitupu. Lakini yule unamwona usoni; mtataniana, utamjibu, pengine atapunguza bei. Kitufe hakijibiwi. Kibaya zaidi, kinakulisha maneno: anayesema "sipendi kuokoa pesa" ni wewe, kwa kidole chako mwenyewe. Sisi tuliofunzwa kukataa kwa adabu tunanaswa upesi, ingawa upande wa pili hakuna mtu wa kuumia.

Wala maneno hayo hayaandikwi kwa kubahatisha. Kampuni huweza kuwaonyesha baadhi ya wateja sentensi moja na wengine sentensi nyingine, kisha ikabakiza ile iliyouza zaidi. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema huu ni utani tu wa matangazo. Utani haupimwi kwa mauzo.

Marekani imeliona hilo. Septemba 2025, Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi ya kuwaandikisha watu huduma ya Prime bila ridhaa yao na kuwawekea vikwazo wakitaka kujitoa. Bilioni 1 ni faini, bilioni 1.5 ni za kuwarudishia wateja. Katika masharti ya makubaliano hayo, kitufe cha kukataa lazima kiwe wazi, na kile kilichosema "Hapana, sitaki kusafirishiwa mzigo bure" hakiruhusiwi tena.