Sindano au Vidonge: Nini Kinaponya Mfupa Unaotoa Usaha?



Hapa Rubongi, sawa na Busia na Tororo mjini, utamsikia mama akitoka kliniki akinung'unika: "Wamenipa vidonge tu, sindano hakuna!" Wengi tunaamini dawa kamili ni ile ya kupitia kwa mshipa. Basi mtu anamtafuta yeyote mwenye sindano amdunge. Je, tuko sawa?

Tuchukue ugonjwa wa mfupa. Mtoto amevunjika mguu, kidonda kikaingiwa na vijidudu mpaka ndani. Usaha unatoka, unakauka, halafu unatoka tena, miezi na miezi. Zamani madaktari wengi walishikilia kwamba lazima dawa ya mshipa kwa wiki 6. Huko Uingereza wakajaribu kwa wagonjwa 1,054 wa mifupa na viungo. Nusu walipewa dawa ya mshipa, nusu ya kumeza, kwa wiki 6 za kwanza. Majibu yalitoka mwaka 2019. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilishindwa kwa karibu watu 15 katika kila 100 wa mshipa, na 13 katika kila 100 wa vidonge. Vidonge havikuachwa nyuma!

Lakini sikilizeni vizuri. Vidonge vile vilichaguliwa na daktari, na wengi walipasuliwa pia. Kipande cha mfupa kilichokufa hakina damu, kwa hiyo dawa haikifikii, iwe sindano au kidonge. Ni cha kutolewa kwa upasuaji.

Sindano ni ya lini?

Mgonjwa akitapika kila kitu, akizimia, akizidiwa na homa, au akiwa mtoto mchanga, mkimbize hospitali. Hapo sindano inaokoa maisha. Ila usidungwe ovyo. Kule Kumi kuna watoto waliopooza mguu au kukakamaa misuli baada ya sindano za matakoni. Na sindano iliyotumika inaleta Ukimwi na homa ya ini.

Dozi isikatike njiani

Sisi wakimbizi shida yetu kubwa ni kuhama. Wakenya waliokimbia ghasia za uchaguzi mwaka 2008 na kuvukia Busia na Malaba walipelekwa Mulanda, kisha Kiryandongo. Safari kama hizo ndizo zinakata dozi, na vijidudu vilivyobaki vinaweza kuzoea dawa. Ukiambiwa mnahama, mwambie daktari mapema. Vidonge na karatasi ya matibabu ubebe mwenyewe, usiviweke kwenye mzigo wa lori.

Mwulize daktari maswali matatu: Dawa hii inaua vijidudu gani? Nameza mpaka lini? Je, kuna mfupa wa kutolewa?

Kidonda kikikauka, usiache dawa. Meza mpaka siku ile daktari amekuambia.