"Akta Hafi": Hatima ya Kijana wa Genge katika Filamu

Mtazamaji aliyelelewa na vibanda vya video katika masoko ya Meru na Embu, kuanzia Maua hadi Runyenjes, anaifahamu kanuni moja isiyoandikwa popote: akta hafi. Katika lugha ya vibandani, "akta" si mwigizaji yeyote tu. Ni yule jagina mmoja ambaye risasi humkwepa. Wampingao wote ni "adui". Wasimulizi kama DJ Afro, ambao huweka Kiswahili chao juu ya maneno ya wahusika wa kigeni, wamewawezesha hata wasiojua Kiingereza kumfuata jagina huyo hadi mwisho.

Drama za kale za Hollywood kuhusu vijana wa magenge ziliivunja kanuni hii makusudi. Katika Little Caesar (1931), Rico na rafikiye Joe wanatoka mashambani kuelekea mjini. Joe anatamani kucheza dansi. Rico anatamani kutajwa na kuogopwa. Rico anapanda hadi kuwa mkuu wa genge, kisha anapigwa risasi na polisi nyuma ya ubao unaotangaza onyesho la Joe. Katika The Public Enemy (1931), maiti ya Tom Powers inaletwa mlangoni ilhali mamaye yuko ghorofani akimtandikia kitanda.

Vifo hivi havikutokana na usanii peke yake. Kanuni za maadili zilizoandikwa Hollywood mwaka 1930, na kutekelezwa kwa ukali kuanzia 1934, zilikataza uhalifu kuonewa huruma. Watayarishaji wa Scarface (1932) walilazimika kupiga mwisho mwingine ambamo mhalifu ananyongwa. Kifo kikawa kama ushuru: saa nzima ya suti na magari, dakika mbili za adhabu. Je, hadhira ya vijana hukumbuka kipi? Angels with Dirty Faces (1938) ililikabili swali hilo waziwazi. Padre anamsihi rafikiye Rocky, anayepelekwa kuuawa, afe kwa kulia kama mwoga ili vijana wa mtaani wasimtukuze. Filamu yenyewe, basi, inakiri kwamba kifo cha kijasiri humwongezea mhalifu wafuasi.

Kwa kijana wa Meru au Embu, safari ya Rico ni ile barabara ipitayo Thika hadi Nairobi, na filamu iliyoisawiri vyema ni Nairobi Half Life (2012), iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga. Mwas, aliyeigizwa na Joseph Wairimu, anauza filamu mashambani kwa kuwaigizia wateja vituko vyake. Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaporwa, anatiwa korokoroni, na humo anakutana na Oti, kiongozi wa genge. Wizi wa vipuri vya magari unazaa wizi wa magari yenyewe.

Upekee wa msuko huu ni kwamba Joe na Rico wamo katika mwili mmoja. Mchana Mwas anafanya mazoezi ya tamthilia, usiku anaiba. Ni akta kwa maana zote mbili, ya jukwaani na ya kibandani. Risasi zinapolimaliza genge, yeye anaponea chupuchupu. Anafika ukumbini, anapanda jukwaani na kuanza kusema maneno ya mhusika wake mbele ya hadhira isiyojua alikotoka.